Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati. Kuna mwaka mmoja ambao watu walianza kusema "alikuwa", na mimi nikiwasikia nilikuwa nikiwarekebisha, ingawa moyoni sikuwa na uhakika.

Wakati huo tuliishi mjini Kisii, ghorofa ya pili, katika nyumba ya kupanga. Mimi nina duka la sare za shule: masweta, sketi za malinda, soksi ndefu, na zile tai ndogo ambazo watoto huzipoteza kabla ya muhula kuisha. Yeye alifundisha shule ya upili nje kidogo ya mji. Mungu alitujalia watoto wawili. Binti, kifungua mimba wetu, alikuwa Gredi ya Sita, na mdogo wake wa kiume alikuwa Gredi ya Tatu.

Watu hudhani watoto wa mwalimu husoma wenyewe, kama kuku anavyodonoa bila kufundishwa. Wetu hawakuwa hivyo. Binti alikuwa na akili nyepesi na uvivu mzito. Kazi ya nyumbani aliifanya asubuhi, mguu mmoja ndani ya kiatu, au aliinakili kwa rafiki yake langoni pa shule. Mdogo wake hakuweza kutulia kwenye kiti hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akipewa hesabu ukurasa mzima, alifanya mbili za juu, halafu ungemkuta kwenye ngazi akifungua redio mbovu ya jirani kipande kwa kipande.

Baba yao alijaribu kuwanyoosha kwa njia aliyoijua, yaani kusema. Alikuwa msemaji hasa. Aliandika ratiba kwa kalamu nyekundu akaibandika kwenye jokofu. Aliwaeleza maana ya bidii, akawatolea mifano ya watu waliotoka katika familia za chini wakawa madaktari. "Someni! Mtakuja kunikumbuka!" Kisha alifungua rundo la madaftari ya wanafunzi wake, akaanza kusahihisha, na wale wawili wakahamia mbele ya runinga na kupunguza sauti. Mimi nikirudi kutoka dukani na miguu imevimba, niliongezea maneno yangu juu ya yake. Kwetu kulisemwa mengi sana kuhusu kusoma, na kusoma kwenyewe kulikuwa kuchache.

Siku iliyobadilisha mambo, alikuwa darasani baada ya mapumziko ya chai. Wanafunzi walinisimulia baadaye kwamba chaki ilimtoka mkononi, akainama kuiokota, vidole vikakataa. Walicheka, kwa sababu alizoea kuwafanyia mizaha. Kisha akajaribu kusema, na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye kiazi moto kinywani. Hapo ndipo mmoja alipopiga mbio hadi chumba cha walimu.

Mwalimu mwenzake alimpakia kwenye gari lake akamkimbiza hospitalini bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote. Mimi nilipigiwa simu wakati tayari wako njiani. Daktari aliniambia kwamba haraka ile ndiyo iliyomwokoa, na tangu siku hiyo sijawahi kumtaja yule mwenzake katika sala zangu bila kusema asante kwanza.

"Mama, ni kiharusi," daktari alisema. "Upande wa kulia umelegea, na sehemu ya ubongo inayotoa maneno imeguswa. Lakini anawaelewa vizuri. Tafadhali msimsemeshe kama mtoto mdogo."

Alipotoka hospitalini hatukurudi kwenye ile nyumba ya ngazi. Tulihamia kwao Manga, katika nyumba yetu ya kijijini ambayo awali tulikuwa tukiifungua Desemba tu. Inakaa kwenye mteremko, migomba nyuma, chai mbele, na nyumba ya mama mkwe iko karibu kiasi kwamba akikohoa tunamsikia. Watoto walipata nafasi katika shule ya hapo kijijini. Mimi niliendelea na duka, nikipanda bodaboda kila asubuhi hadi kwenye lami, na mama mkwe akabaki na mwanawe.

Kila wiki tulimpeleka kliniki kwa msichana mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo, mzaliwa wa Pwani. Kiswahili chake kilikuwa laini hadi sisi wa huku tuliona aibu kufungua midomo. Siku ya kwanza alipomnyoosha mkono, mume wangu aliumia akaita, "Baba! Baba!" Lilikuwa neno la kwanza lililotoka likiwa zima tangu augue. Yule msichana akasimama.

"Anamwita babake. Mzee yuko wapi, aje amshike mkono?"

Mama mkwe akaangua kicheko, cha kwanza nilichomsikia tangu msiba ule utufike. "Ananiita mimi, mwanangu. Kwetu Wakisii, baba ni mama."

Msichana naye akacheka, akampisha mama mkwe aje ashike ule mkono. Kabla hatujaondoka aliniita kando. "Mkono wa kulia tutaufanyia kazi, lakini usiungoje," aliniambia. "Mwandikishe kwa wa kushoto. Kidogo tu, kila siku, saa ile ile, mahali pale pale. Akichoka apumzike. Akikasirika mwacheni akasirike. Ila kesho asikose."

Niliitikia kwa kichwa. Nilifikiri ananipa dawa ya mume wangu peke yake.

Nilimletea penseli nene na daftari lenye mistari mipana, la watoto wa chekechea. Alipoliona aligeuza uso ukutani. Mtu aliyefundisha aljebra miaka mingi, leo anaambiwa aandike a, e, i, o, u mbele ya mama yake na watoto wake. Nilipolisogeza karibu, alilisukuma kwa mkono wake mzima likaanguka sakafuni. Nikaliokota nikaliweka mezani. Kesho yake likaanguka tena. Nilimbembeleza, mama yake akambembeleza, hata mchungaji alipokuja kutuombea akagusia. Hakuna kilichosogea.

Basi ikafika Ijumaa moja. Ijumaa mimi hufunga duka mapema ili Sabato isinikute njiani, kwa hiyo nilikuwa nyumbani watoto walipotoka shule. Nilikuwa mlangoni pa jikoni nikichambua saga, mboga zetu chungu za majani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula, daftari lile mbele yake limefungwa. Binti yangu aliingia, akatua begi, akavuta kiti, akakaa akimwelekea baba yake. Hakuambiwa na mtu. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaanza kuandika jina lake.

Alijitahidi hadi ulimi ukatoka nje. Alipomaliza, akageuza daftari lake ili baba yake alione. Herufi zilikuwa zimelala huku na huku kama vifaranga walionyeshewa.

"Ona, tata," alisema. Tata ndilo jina la baba kwa lugha yetu. "Huu mwandiko wangu ni mbaya. Wako hauwezi kuwa mbaya kuliko huu."

Mume wangu akatazama. Nusu ya uso wake, ile iliyoweza, ikacheka. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akafungua vidole, akangoja apewe penseli.

Mimi nilisimama pale na saga mkononi, nikaogopa hata kuhema.

Ndivyo tulivyoanza. Watoto walipotoka shule, bibi yao aliwapa ndizi za kuchemsha au mahindi, wakanawa mikono, wakakaa mezani na baba yao hadi giza lilipoanza kuingia. Simu yangu ya zamani, ambayo binti alikuwa akichezea, bibi aliitumbukiza ndani ya mkebe wa unga wa wimbi na kuufunga. "Ikitaka kuongea itaongea na unga," alisema. Hakuna aliyebisha, maana hakuna anayebishana na mama mkwe wangu.

Mwanzoni binti alikuja kwa huruma, si kwa kupenda masomo. Lakini mtu akishakaa mezani na begi liko miguuni, kuna kazi ya nyumbani ndani yake, na baba yake yuko mbele yake anakunja uso akipambana na herufi "g", anafanya nini? Anaifanya. Wiki zilivyopita, ile tabia ya kuandika asubuhi huku akivaa kiatu ikaisha bila mtu kuikemea.

Mdogo wake alikuwa kazi nyingine. Yeye alikaa dakika chache akaanza kuteleza chini ya meza kama maji. Zamani baba yake angemfokea. Sasa hakuwa na maneno ya kufokea, kwa hiyo alitafuta njia nyingine. Aligonga meza kwa penseli, akamwonyesha hesabu moja, moja tu, na kufunika zilizobaki kwa kiganja. Mtoto akifanya hiyo moja, baba alinyanyua kiganja kidogo ikaonekana ya pili. Baada ya hapo alimwashiria ainuke, azunguke nyumba, arudi. Na alirudi! Alirudi kwa sababu alitaka kuona ni ipi iliyo chini ya mkono. Siku alipomaliza ukurasa wote kwa mara ya kwanza, baba yake aliukagua pole pole toka juu hadi chini, akasema neno moja lililotoka safi: "Buya." Yaani vizuri. Mtoto alikimbia hadi kwa bibi yake akipiga kelele, na sikujua kama anafurahia hesabu au anafurahia sauti ya baba yake.

Binti alipoingia Gredi ya Saba, hisabati ilimlemea. Hapo niliona ajabu ambayo bado naifikiria nikiwa peke yangu dukani. Baba yake hakupoteza hesabu. Maneno yalikuwa yameharibika, akitaka kusema "tatu" anasema "saba", akikusudia "gawanya" hakisikiki kitu. Lakini kwenye karatasi, kwa ule mkono wa kushoto, namba zilikuja sawa. Alimwandikia hatua ya kwanza akasimama. Kisha alimtazama.

"Nifanye nini hapo, tata?"

Akagonga karatasi.

"Nizidishe pande zote?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Basi nihamishe hii upande wa pili. Kwa sababu… ngoja. Kwa sababu huku kuna toa, nikiihamisha itakuwa jumlisha?"

Akagonga meza kwa furaha, mara nyingi.

Kwa kuwa baba hakuweza kueleza, ilimbidi mtoto aeleze. Kila hatua aliitamka kwa mdomo wake, na akikosea baba alinyamaza tu akamsubiri. Binti alikasirika. Kuna siku alitupa rula na kusema hisabati ni uchawi. Baba alimwacha atoke nje; binti akatazama mawingu juu ya ukingo wa Manga, na aliporudi akakuta karatasi iko pale pale na baba yuko pale pale. Akakaa, wakaendelea. Kufikia muhula uliofuata ni yeye aliyekuwa akiwafafanulia wenzake shuleni.

Nisije nikapamba mambo. Kuna wiki ambayo karibu yote yaanguke. Walimu wenzake walikuja kumtembelea, kundi zima, wakiwa na sukari, mkate na mnyama wa kuchinja. Baada ya kula, mume wangu alisimama kwa fimbo yake ili awashukuru. Nilijua alikuwa amejizoeza sentensi ile siku nyingi. Akafungua mdomo na likatoka neno lisilokuwa neno. Akajaribu tena, likatoka lile lile. Wageni waliinamisha macho. Alikaa chini akalia mbele yao, mtu mzima, na mimi nikawa sijui nimfunike au nimwache.

Kesho yake hakuja mezani. Keshokutwa pia. Alilala akielekea ukutani kama zamani, na mimi nikajiambia kwamba tumerudi tulikotoka.

Aliyemwinua ni yule yule asiyeweza kukaa kitini. Aliingia chumbani na daftari lake kwapani. Nilikuwa nikikunja nguo pale, nikamsikia.

"Tata, saa imefika."

Baba yake akavuta blanketi hadi shingoni.

"Dada ameshaanza."

Mtoto akajikuna kichwa, akawaza.

"Tata, njoo. Usipokuja nitatoroka. Wewe unanijua."

Mume wangu aligeuka akamtazama muda mrefu. Kisha akatafuta fimbo yake kando ya kitanda. Sijui alifikiria nini, na sikuwahi kumwuliza. Ninachojua ni kwamba jioni ile niliwasikia wote watatu mezani, penseli zinakwaruza, na mvua ikanyesha juu ya mabati hadi ikafunika sauti zao.

Jumapili hazikuwa za daftari. Siku hizo zilikuwa za kuchuma chai. Baba yao alipokuwa mzima tuliajiri wachumaji. Alipougua, bibi aliwafunga watoto vikapu mgongoni na kuwapeleka shambani. "Majani mawili na chipukizi," aliwaambia, "na usiruke kichaka eti kwa sababu kina umande." Walilalamika, wakazoea. Mume wangu alishuka nao kwa fimbo, akaegemea mwisho wa mstari, akachuma kwa mkono wa kushoto alichoweza kukifikia. Kikapu chake kilikuwa chepesi kuliko vyote, na hakuna mtu aliyekicheka, kwa sababu wote waliona muda gani kilimchukua.

Maneno yalirudi kidogo kidogo, mengine hayakurudi. Zaidi ya mwaka baada ya ugonjwa, mwalimu mkuu wa shule yake alikuja Manga mwenyewe. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia, "Mwalimu, nakuomba darasa moja tu, la asubuhi. Tutaanza hapo." Mume wangu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua jibu. Nilimwambia, "Nenda."

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Nilibaki nje, karibu na dirisha, nikijifanya nangoja mtu. Wanafunzi walisimama kumpokea alipoingia akiburuta mguu. Alishika chaki kwa mkono wa kushoto, akawageukia.

"Mimi," alisema, akangoja neno limfikie. "Mimi… nitaandika. Nyinyi… mtasema."

Akaandika mlinganyo, polepole, herufi zimeinama. Akaandika hatua ya kwanza, akasimama kando, akawatazama. Kisha msichana wa safu ya mbele akasema hatua ya pili, mwingine akampinga, wa tatu akawatenganisha, na ndani ya muda mfupi darasa zima lilikuwa likijieleza hesabu, na yeye anagonga ubao penye ukweli. Niliijua njia ile. Niliiona ikizaliwa nyumbani kwangu, baina ya mtu asiyeweza kusema na mtoto aliyekuwa mvivu. Nililia ndani ya leso hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Sasa binti yetu yuko shule ya sekondari ya juu, ya bweni, katika mkondo wa sayansi alioutaka mwenyewe. Si wa kwanza darasani, na hatujamwambia awe wa kwanza. Mdogo wake alama zake ni za katikati, na huenda zikabaki hapo. Lakini mwaka huu alijenga nyumba ya sungura kwa mbao za masalio. Mlango ulikataa kufunga, akaung'oa, akaukata upya, ukakataa tena, akaung'oa tena. Hakuna aliyemsimamia. Nilipokuwa nikimtazama toka dirishani nilikumbuka redio zote alizozifungua na kuziacha zimetapakaa ngazini kule Kisii, nikatabasamu.

Wazazi wa jirani huniuliza tuliwafanyia nini watoto wale. Wengine hudhani tuna mwalimu wa tuisheni anayekuja kwa siri. Nawaambia ukweli: sisi hatukuwa na mpango. Tulipatwa na jambo, na katikati ya jambo lile watoto walipata nafasi ya kumwona mtu mzima akihangaika na kitu kigumu, akikosea waziwazi, na kurudi kesho. Sikuomba tufundishwe kwa njia hiyo, na nisingemwombea mtu. Lakini nikihesabu waliotubeba, yule mwenzake mwenye gari, msichana wa Pwani, mama mkwe wangu na mkebe wake wa unga, mwalimu mkuu aliyepanda kilima chetu, naona tulishikwa mkono kila tulipoteleza.

Muhula uliopita tulikwenda kumtembelea binti siku ya wazazi. Mama mkwe alibeba kuku na ndizi, tukatandika leso kwenye nyasi. Rafiki mmoja wa binti, wa bweni lake, akaja kutusalimia, akamwuliza mume wangu kama ni kweli kwamba yeye ndiye mwalimu aliyemfundisha binti yetu kutulia na vitabu. Mume wangu akaanza kujibu. Ilichukua muda. Binti yangu alikaa karibu naye, hakumdakia neno, hakumsaidia, alimngoja tu na uso wake umetulia.

"Hapana," alisema hatimaye. "Tulifundishana."

Yule rafiki akaketi, akapewa paja la kuku. Tulikaa pale tukila na kuongea mpaka kengele ya kuwaaga wageni ilipolia, na usiku nilipopiga magoti sikuwa na la kuomba. Nilishukuru, nikalala.